Kila Ugonjwa na Njia Yake: Kijitabu cha Kaya za Mugango

Kitundike karibu na mtungi

Kijitabu hiki hakikuandikwa kikae kabatini pamoja na vyeti vya shule. Kitoboe tundu, pitisha uzi wa nyavu, kitundike karibu na mtungi wa maji ya kunywa, mahali ambapo baba, mama, bibi na watoto wanaojua kusoma watakiona kila siku. Kuna kurasa utazisoma leo ukiwa mzima, na kuna kurasa utazitafuta usiku wa manane mtoto akiwa anaharisha na taa ya sola imeisha chaji.

Tunalosema humu ni moja. Ugonjwa wa mlipuko una njia yake ya kuingilia. Mmoja hupita kwenye pumzi, mwingine kwenye maji, mwingine kwenye damu na jasho la mgonjwa, mwingine hubebwa na mdudu. Kaya inayoijua njia hujua mlango wa kufunga. Isiyoijua hukomea mlango wa mbele wakati ugonjwa unapita uani.

Ziwa hili limeona mengi

Korona haikuwa tauni ya kwanza kutufikia. Mwanzoni mwa karne iliyopita, ng'ambo ya ziwa letu la Victoria upande wa Uganda, malale iliua watu zaidi ya laki mbili, hasa Busoga na visiwa vya Sese. Mwanzoni hakuna aliyejua inatoka wapi. Watu walisinzia, wakakonda, wakafa, na ndugu zao wakabaki kubahatisha. Mwaka 1903 Aldo Castellani na David Bruce walionyesha kwamba ni kijidudu cha kwenye damu, na kwamba kinachokibeba ni mbung'o wa vichaka vya ufukweni. Baada ya hapo ndipo ilipoeleweka kazi ni ipi: kufyeka vichaka mahali pa kuteka maji na pa kuegesha mitumbwi, na kuwaondoa watu palipozidi mbung'o.

Upande wetu, Wajerumani walifungua kambi ya wagonjwa wa malale Shirati, Rorya ya leo. Daktari wao mashuhuri, Robert Koch, alikuwa kwenye ziwa hili mwaka 1906 na 1907 akijaribu dawa iliyoitwa Atoxyl, yenye sumu ya aseniki ndani yake. Wapo waliopata nafuu. Wapo pia waliopofuka. Likumbuke hilo kila unapoambiwa dawa fulani inatibu huku aliyekuambia hajui inadhuru vipi.

Kabla ya malale, miaka ya 1890, ilipita sotoka ikafagia ng'ombe, na wafugaji waliobaki na njaa wakakutwa na ndui. Ndui leo haipo duniani. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba imekwisha. Iliyoimaliza ni chanjo. Ukiona mzee mwenye alama ya zamani ya chanjo begani, unaweza kuwa unatazama kovu la vita tulivyoshinda.

Mwaka 1918 ilikuja homa kubwa ya mafua, ikasafiri na meli, na askari na wapagazi waliokuwa wakirudi kutoka vita vya kwanza. Duniani kote inakadiriwa iliua watu milioni 50, wengi wao vijana wenye nguvu. Nayo ilipita kwenye pumzi, kama korona.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera, ng'ambo yetu tu. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikija na magendo kutoka Uganda, na wengi waliamini kwamba waliodhulumiwa katika biashara ile ndio waliowaroga wadaiwa wao. Jina likaificha njia. Wakati watu wanatafuta mchawi, ugonjwa ulikuwa unapita chumbani.

Korona, na miaka tuliyoipa majina mengine

Kirusi cha korona kilitambuliwa kwanza mji wa Wuhan, China, mwishoni mwa mwaka 2019. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani likasema sasa ni janga la dunia. Siku tano baadaye, tarehe 16 Machi, Tanzania ikatangaza mgonjwa wa kwanza, msafiri aliyetua Kilimanjaro akitokea Ubelgiji na kupimwa Arusha. Shule zikafungwa. Kufikia tarehe 29 Aprili walikuwa wametangazwa wagonjwa 480 na vifo 16. Kisha takwimu za kitaifa zikakoma kutolewa, na hazikurudi hadi katikati ya mwaka 2021.

Katika kipindi hicho lugha yetu ilizaa msamiati. Mtu hakufa kwa korona. Alifariki kwa "changamoto ya upumuaji", au kwa nimonia. Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu. Tunayaandika kwa sababu familia iliyoambiwa "changamoto" haikuambiwa njia. Ilikaa na mgonjwa chumba kimoja, madirisha yamefungwa, ikaosha mikono kwa bidii pale mlangoni na kurudi kuvuta pumzi ileile.

Tarehe 24 Julai 2021 ilifika shehena ya kwanza ya chanjo, dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson, na tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam. Dharura ya dunia ilifutwa tarehe 5 Mei 2023. Kirusi chenyewe hakikufutwa. Bado kinazunguka na mafua mengine, na kwa walio wengi sasa ni homa ya siku chache, kwa kuwa miili imeshakijua kwa chanjo au kwa kuugua. Anayebaki hatarini ni yuleyule wa mwanzo: mzee, mwenye kisukari, mwenye presha, mwenye pafu bovu, na ambaye kinga yake imeshuka.

Kuufunga mlango wa pumzi

Kirusi cha korona hutoka kinywani na puani mwa mgonjwa akikohoa, akiimba au hata akizungumza tu. Matone makubwa huanguka karibu. Madogo kabisa huelea hewani, kama moshi wa sigara. Ukiufikiria moshi utaelewa mengi. Mtu akivuta sigara chini ya mwembe, husikii harufu ukisimama pembeni. Akiivutia chumba chenye kidirisha kimoja, nyumba nzima inanuka.

Basi mtu wa nyumbani akishikwa na homa, kikohozi na mwili kuuma, mtoe nje mchana, mtandikie mkeka kivulini. Usiku alale peke yake panapopita hewa, ndani ya chandarua. Amhudumie mtu mmoja tu, naye asiwe bibi. Tunajua bibi ndiye hodari wa kuuguza kuliko wote hapo nyumbani, na atakasirika akiambiwa akae kando. Mwambieni kwa heshima, lakini mwambieni. Anayehudumia na mgonjwa wavae barakoa wanapokaribiana. Sabuni ina kazi yake: kirusi hiki kimevaa koti la mafuta, na sabuni huliyeyusha kama inavyoyeyusha mafuta ya samaki kwenye sufuria.

Kuhusu nyungu. Wengi wetu tulijifukiza mwaka 2020, na anayesema mvuke ulimzibua pua hasemi uongo. Ila mvuke haukifikii kirusi kilicho ndani ya pafu, na aliyekuambia ujifunike blanketi moja na wanao watatu alikuambia mkagawane pumzi. Ukipenda kujifukiza, jifukize peke yako, na sufuria ya maji moto isikaribie mtoto.

Dalili za kukupeleka kituoni bila kungoja asubuhi: mgonjwa anashindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, kifua kinabana, midomo inabadilika rangi, anachanganyikiwa au haamki vizuri. Kwa mtoto, tazama mbavu: zikiingia ndani kila anapovuta hewa, ondoka sasa hivi.

Kipindupindu, mgeni wa mwalo

Hapa tutakaa zaidi, maana korona ilitujia kutoka mbali, lakini kipindupindu kinatujua kwa majina. Kilitikisa nchi kuanzia Agosti 2015, kikitokea Dar es Salaam hadi kuifikia mikoa ya ziwa, na mwaka 2023 kiliripotiwa tena humu mkoani Mara.

Njia yake ilichunguzwa zamani katika sehemu hizi za dunia. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Zanzibar, na daktari mmoja aliyekuwa akiishi huko, James Christie, akahoji wasafiri wa misafara hadi akajua kilikotoka: hakikushuka kutoka angani wala hakikuletwa na upepo wa kusi, kilikuwa kimetembea kutoka kaskazini, kikapita bara kwenye nchi ya Wamasai, kikashuka hadi pwani pamoja na watu na njia zao za biashara. Badili msafara uweke mtumbwi wa dagaa, utapata ramani yetu. Mvuvi huhama kambi kufuata giza la mwezi na samaki. Leo yuko Mugango, wiki ijayo Majita, wiki nyingine Ukerewe au visiwani. Kilichomo tumboni mwake kinahama naye.

Vimelea hutoka na kinyesi, huingia kwenye maji au chakula, hurudi kinywani. Ndiyo njia nzima, hakuna nyingine ya ajabu. Sasa simama ufukweni alfajiri utazame. Mitumbwi imeingia, dagaa wanaanikwa, mama anaosha vyombo, watoto wanaoga, na hatua kumi tu kutoka hapo mtu anajaza ndoo ya kunywa. Nyuma ya mawe kuna waliokwenda kujisaidia kwa sababu kambi haina choo, na mchanga wa ufukweni huporomosha shimo kabla halijafika kiunoni. Hilo la choo halimalizwi na kaya moja. Ni la kulisemea kwenye mkutano wa kijiji na kwa viongozi wa mwalo, hadi kijengwe cha kuinuliwa.

Lakini la maji linaanzia kwako. Maji yakimetameta hayajawa safi. Wapo wavuvi wanaoshikilia kwamba maji ya katikati ya ziwa hayana neno, wanachota na kunywa. Vimelea vya kipindupindu vinaweza kuishi ziwani bila kumsubiri mtu. Mpe mumeo au mwanao dumu la maji yaliyochemshwa aende nalo kwenye mtumbwi, kama anavyokwenda na taa. Nyumbani, chemsha hadi yatokote, yapoze yakiwa yamefunikwa, na uchote kwa kata yenye mpini mrefu ili vidole visiingie. Kuni zikiwa haba, tumia vidonge vya kutibu maji na ufuate maelezo ya pakiti, hasa muda wa kusubiri. Mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari hadi Butiama huchota ziwani hapa kwetu. Kama bomba limekufikia ni heri, ila maji safi ya bomba yakiingia kwenye dumu chafu yanakuwa machafu.

Weka kibuyu chirizi mlangoni mwa choo, si jikoni peke yake. Sabuni ikiisha, jivu litasaidia.

Mtu akianza kuharisha choo kinachofanana na maji ya mchele, usihesabu siku, hesabu saa. Kinachoua ni kukaukiwa na maji, na mtu mzima mwenye nguvu anaweza kuondoka ndani ya siku moja. Anza kumnywesha palepale. Kama una pakiti ya ORS, ikoroge kwenye lita moja ya maji salama. Kama huna, weka kwenye lita moja vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta, visiwe vya mlima. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Akitapika, subiri dakika kumi, mpe tena kidogokidogo. Mtoto aendelee kunyonya. Na wakati anakunywa, mwingine atafute bodaboda. Maji hayo ni ya njiani, si badala ya zahanati.

Ule wa damu na jasho

Machi 2023 ulitangazwa ugonjwa wa Marburg Bukoba Vijijini. Waliougua walikuwa tisa, wakafa sita, na mmoja wa waliokufa alikuwa mhudumu wa afya. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ametokea kisiwa cha Goziba, katika ziwa hilihili letu. Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Waliohesabiwa kumi, wote wakafa.

Marburg hauelei hewani kama korona. Hupita kwa kugusa damu, matapishi, jasho na maiti ya mgonjwa. Kwa hiyo unaangukia wale wenye upendo: anayefuta matapishi, anayeosha maiti. Mtu akifa kwa homa kali yenye kutokwa damu, msimwoshe. Funikeni, fungeni chumba, mwiteni mtendaji wa kijiji na watu wa afya. Msiba utakaliwa, dua na sala zitasomwa, ila mikono ibaki mbali na mwili. Kwa waliozoea kumuaga mtu wao kwa kumgusa, hili ni gumu kuliko yote yaliyomo humu.

Ukipiga 199

Namba 199 ni ya Wizara ya Afya, na haikati salio. Unaweza pia kumwona mhudumu wa afya wa jamii wa kitongoji chako. Usingoje wawe watatu. Mmoja mwenye dalili za kutisha anatosha. Kabla hujapiga, andika haya kwa penseli nyuma ya ukurasa huu, kwa sababu utaulizwa: umri wa mgonjwa; ameanza lini, saa ngapi; dalili ya kwanza ilikuwa nini; katika wiki tatu zilizopita alikuwa wapi, mwalo gani, kisiwa gani, msiba wa nani; maji anayokunywa yanatoka wapi; na ni nani wengine wamekula, wamelala au wamesafiri naye kwenye mtumbwi mmoja.