Ampli Iliyonyamaza Mvua Iliponyesha

Jumamosi moja ya Julai, saa kumi jioni, tulikuwa watu watano kwenye chumba changu cha mbao hapa Lac Vert, Goma, tukijiandaa kwa harusi ya wiki iliyofuata. Niliwasha ampli, nikazipa lampu dakika mbili zipate moto, kisha nikaifungua sauti. Kabla sijagusa uzi hata mmoja wa gitaa, chumba kikajaa mvumo kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Mpiga kibodi akaacha kupiga. Mpiga besi, kijana mpole ambaye halalamiki kamwe, akaniambia: “Yaya, zima hiyo kitu, inatuumiza masikio.” Mwimbaji wetu akanyoosha mkono kushika maikrofoni, mkono mwingine ukiwa umeegemea nyuzi zangu, akarushwa na umeme. Hakuumia, ila mazoezi yaliishia hapo.

Ampli hiyo ni Marshall JCM800 ya wati 50. Niliinunua mitumba kwa mwanamuziki aliyekuwa anahama mji, kwa dola nilizokusanya miaka miwili. Ina lampu 3 za ECC83 mbele na 2 za EL34 nyuma. Mbele yake naweka pedali ya Ibanez Tube Screamer, na hapo gitaa linanguruma jinsi ninavyopenda. Najua mji wetu ni wa rumba na seben, na gitaa la seben ni safi kama maji ya chupa. Nalipenda hilo pia, na kwenye harusi ndilo ninalolipiga hadi usiku wa manane. Lakini sauti iliyokwaruzwa na lampu ndiyo iliyonifanya nishike gitaa nikiwa na miaka 14, na siwezi kuiacha.

Tatizo la sauti hiyo ni hesabu. Hatua moja ya lampu ikikuza ishara mara 50, hatua mbili zikifuatana zinaikuza mara 2,500, na pedali mbele inaongeza yake. Uchafu mdogo unaoingia mlangoni pamoja na gitaa unafika mwisho ukiwa jitu. Ndiyo maana mwenzako mwenye ampli ndogo ya transista anaweza kupiga kwenye soketi hiyohiyo asisikie kitu, wewe ukasikia kila chaja ya simu iliyomo nyumbani.

Jumatatu nilienda kwenye maduka ya Birere, mjini. Muuzaji mmoja wa vifaa vya muziki, ambaye sitamtaja, alinisikiliza nusu dakika akakata shauri kwamba lampu zimekufa. Akaniuzia seti nzima. Niliporudi siku ya pili kumwambia mvumo uko palepale, akaniuzia pedali ya kuzima kelele. Niliporudi mara ya tatu, akatoa koleo akataka kukata mguu wa tere, yaani wa waya wa ardhi, kwenye plagi yangu: “Kata hii, papa, kelele itaisha.” Nilimpokonya plagi. Ndani ya ampli ya lampu kama hii kuna volti zaidi ya 400. Siku waya mmoja utakapoachia na kugusa bati la ampli, ule mguu wa tere ndio unaoupa umeme njia nyingine isiyopitia kifuani mwako. Anayekushauri kuukata anakuuzia jeneza, na nimesikia ushauri huo kwa mafundi watatu tofauti mjini hapa. Sijamsamehe hata mmoja wao.

Basi nitaeleza kwa hatua, kama ambavyo nilitamani mtu anieleze mimi kabla sijamaliza dola zangu Birere.

Hatua ya kwanza ni kuusikiliza mvumo wenyewe, na kwa hilo mpiga gitaa hahitaji mashine. Umeme wetu ni wa mapigo 50 kwa sekunde. Bonyeza uzi wa sita, freti ya tatu: hiyo ni sol, mapigo 98. Kama mvumo wa ampli unakaribia sol hiyo, juu kidogo tu, na vikilia pamoja unasikia sauti inapanda na kushuka kama mara mbili kwa sekunde, basi mvumo ni wa mapigo 100. Hapo shuku kapasita kubwa za kuchuja umeme. Zikizeeka huachia mvumo huo. Kama mvumo uko chini zaidi, mzito, oktava nzima chini ya sol, ni mapigo 50: waya zinazopasha lampu moto, transfoma iliyo karibu na gitaa, au vifaa viwili vilivyounganishwa ardhini kwa njia mbili. Kama ni shhh ya mafuta yanayokaanga, ni rezista za zamani au lampu ya kwanza. Na kama ni nyuki, sauti kali yenye meno, inayobadilika ukigusa nyuzi, basi uchafu unatoka nje ya ampli.

Wangu ulikuwa nyuki. Lampu zangu za zamani hazikuwa na kosa lolote, na leo hii ndizo zilizomo ndani. (Zile mpya nimeziweka akiba. Zimetengenezwa na JJ wa Slovakia, ni lampu nzuri, na ubaya wa yule muuzaji hauzihusu.)

Hatua ya pili ni kuzima kila kitu nyumbani kimoja kimoja. Nilifanya hivyo. Nilichomoa chaja za simu, kompyuta, taa za LED, friji ya mama mwenye nyumba kwa ruhusa yake. Kila kitu kilipunguza kidogo, hakuna kilichomaliza. Nilikuwa nimekata tamaa, na harusi ilikuwa imebaki siku nne.

Usiku wa Jumanne ikanyesha. Kwetu kiangazi cha Juni hadi Agosti hakikauki kabisa; mvua ya ghafla huja ikaondoka. Ilipiga mabati kwa muda wa saa nzima. Sikuweza kulala, nikawasha ampli na kuvaa gitaa ili nipige polepole, na nikafikiri ampli imekufa, kwa sababu haikulia. Niligusa uzi: gitaa likanguruma. Nikauachia: kimya. Nilikaa gizani dakika nyingi nikisikiliza ule ukimya. Jumatano ulikuwepo. Alhamisi asubuhi jua likawaka, na kufikia saa nane mchana nyuki wakarudi wote.

Hapo nikakumbuka kwamba Aprili, wakati wa mvua kubwa, sikuwahi kusikia mvumo. Nikatoka na tochi kuufuata waya wa tere, wa kijani na manjano, unaotoka kwenye kisanduku cha umeme. Ulipita ukutani, ukashuka nyuma ya nyumba, ukafungwa kwenye kipande cha nondo. Nondo ile ilikuwa imesimama kati ya mawe mawili ya lava, chini kabisa ya mdomo wa mfereji wa paa. Niliishika kwa vidole, ikatoka. Haikuwa imeingia ardhini hata shubiri moja. Mvua ikinyesha, maji ya paa yanalowesha mawe na nondo inapata ardhi. Jua likiwaka, waya wa ardhi wa nyumba nzima unaning'inia hewani, na kila chaja inamwagia uchafu wake kidogo. Nilipima kwa multimeta kati ya bati la ampli na udongo mbichi wa chini ya bomba: volti 61. Hizo ndizo zilizomrusha mwimbaji wetu.

Nilimwita mpiga besi akae ndani asikilize. Nikachukua bidoni la lita 20, na mnajua bei ya maji huku, nikalimwaga lote kwenye nondo. Akapiga kelele kutoka ndani: “Imekufa! Yaya, imekufa!” Sijawahi kufurahia kumwaga maji kiasi kile.

Sasa niwaambie jinsi ya kupata tere juu ya lava, kwa maana hili halimo kwenye kitabu chochote cha gitaa. Goma nzima imekaa juu ya mawe ya volkano. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ya Mei 2021 ikasimama pembezoni, na sisi wa Lac Vert tunakalia mawe ya kale zaidi. Ule mti wa shaba wa mita moja na nusu ambao mafundi wa miji mingine wanaupiga nyundo ukazama, hapa unapinda. Hata ukiuingiza kwenye ufa, jiwe kavu halipitishi umeme. Kwa hiyo acha kwenda chini. Nenda kwa ulalo.

Tulichimba mtaro wa mita 10, kina cha nusu mita, kwa mitaimbo, vijana wawili na mimi, siku mbili kamili. Sikutaka kina zaidi hata pale jiwe liliporuhusu, kwa sababu ya mazuku. Wageni wa mtaa wetu wasiojua wasikie: hewa nzito inayotoka ardhini hujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa alfajiri hewa ikiwa imetulia, na imeua watu na mifugo upande huu wa mji. Usichimbe shimo refu peke yako, usiinamishe kichwa shimoni asubuhi na mapema, na usitegemee kibiriti, kwa kuwa hewa hiyo hukulegeza kabla moto haujazimika.

Kisha udongo. Tulileta magunia 8 ya udongo mweusi wa shambani kwa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, tukauchanganya na vumbi la makaa, yale sisi tunayoyaita makala. Kina mama wanaouza makala hubaki na vumbi chini ya gunia, nao huliachia kwa bei ndogo. Vumbi hilo hushika unyevu wiki nyingi. Tabaka la kwanza la mchanganyiko, juu yake waya wa shaba mtupu ukiwa umenyooka, tabaka la pili, tukakanyaga vizuri, ndipo tukarudisha mawe. Mafundi wengi watakuambia uongeze chumvi. Usiweke. Chumvi inakula shaba, na mvua zetu zinaiosha yote kabla mwaka haujaisha. Badala yake nilielekeza mtaro mahali ambapo maji yanafika kila wiki: mwanzo wake uko chini ya mfereji wa paa, mwisho wake panapomwagwa maji ya kufulia. Mama mwenye nyumba anafua Jumatano na Jumamosi, na tere yangu inakunywa.

Kuhusu shaba, fungua macho. Duka la kwanza lilinipa waya mwekundu unaong'aa kwa bei iliyonifurahisha. Niliukwaruza kwa kisu, ndani ukawa mweupe: alumini iliyopakwa shaba. Ardhini ungeoza upesi. Duka la pili waya wao ulinaswa na sumaku, maana yake chuma. Shaba halisi nilikuja kuipata kwa mzee mmoja anayeuza vyuma chakavu, ikiwa imetolewa kwenye kebo kuukuu, nzito mkononi, nyekundu hadi katikati. Nenda na kisu na sumaku mfukoni, na muuzaji akikasirika ondoka.

Fundi umeme mmoja alikuja na mashine yake ya kupimia ardhi. Kwenye nondo ya zamani mashine haikuweza kusoma kitu, ilipita mwisho wa kipimo. Kwenye mtaro ilisoma omu 140. Alitikisa kichwa, kwa sababu kwenye udongo wa kawaida wao hutafuta tarakimu ndogo sana kuliko hiyo. Nikamwonyesha kisanduku, nilikokuwa nimefunga disjonkta ya difarensheli ya miliampea 30, ile inayokata umeme unapovuja. Gawanya volti 50, mpaka wa usalama, kwa ampea 0.03 upate omu 1,667: chini ya hapo disjonkta inakata kabla bati halijawa hatari. Kwa lava yetu 140 ni utajiri. Bila disjonkta hiyo, mtaro peke yake hautoshi kukulinda, kwa hiyo nunua vyote viwili. Na volti zangu 61 zilishuka chini ya 1.

Mengine ni mafupi. Chomeka ampli, mikseta, kibodi na pedali zote kwenye multiprizi moja yenye tere, vifaa vyote vishiriki mlango mmoja; mikseta yetu siku ile ilikuwa kwenye waya wa miguu miwili, ndiyo maana maikrofoni iliuma. Weka chaja za kompyuta mbali na pedali. Gonga lampu ya kwanza polepole kwa penseli, ikilia kama kengele ibadilishane nafasi na nyingine. Pedali ya kuzima kelele inaficha mvumo usipopiga, lakini ukipiga mvumo unarudi ndani ya noti; yangu niliiuza. Kapasita na rezista mwachie fundi anayejua kuzimaliza umeme kwanza, kwa sababu kapasita hubaki na mamia ya volti hata plagi ikiwa imechomolewa.

Shhh ndogo bado ipo nikifungua geini yote. Ampli ya aina hii haikosi hiyo, na mimi nimeikubali.

Harusi ilipita kabla mtaro haujakamilika. Nilipiga usiku ule nikiwa nimelowesha nondo kwa mabidoni mawili. Kiangazi kilichofuata niliwasha ampli mwezi wa Julai, siku ya kumi na tisa bila tone la mvua, nikaweka mikono kando. Kimya. Wewe uliye Lac Vert, Mugunga au Kyeshero, kabla hujanunua lampu hata moja, zunguka nyuma ya nyumba yako ukaangalie waya wa kijani na manjano unaishia wapi.