MATOFALI IMARA KWA UDONGO NA TAKA ZA KIWANDA

Wanafunzi wenzangu, pamoja na wazazi wetu wa Kanoni, tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 liliutikisa mkoa wetu wa Kagera. Watu walikufa na nyumba nyingi zilibomoka. Hatuwezi kuizuia ardhi isitetemeke, bali twaweza kuchagua tofali la kujengea.

Tofali hupata nguvu motoni. Joto likifika digrii 100, unyevu uliobaki hutoka. Kati ya digrii 450 na 600 hutoka maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe, na tofali haliwezi tena kurudi kuwa tope. Joto likipita 900, sehemu ndogo ya udongo huyeyuka na kuzishika chembe nyingine mfano wa gundi. Ndiyo sababu tofali lililoiva hulia likigongwa.

Sasa tutazame taka. Viwanda vya kukoboa kahawa huacha maganda mengi. Maganda yaliyosagwa yakichanganywa na udongo huwaka ndani ya tofali, basi kuni hupungua na miti yetu husalimika. Lakini kila ganda liunguapo huacha tundu. Yakizidi, tofali huwa jepesi na dhaifu. Yafaa kuanza na kilo 5 za maganda kwa kilo 95 za udongo mkavu.

Unga wa chupa zilizovunjika huyeyuka mapema kuliko udongo, ukaongeza ile gundi. Asagaye na azibe pua na mdomo kwa kitambaa. Vipande vya matofali mabovu vikipondwa hupunguza nyufa wakati wa kukausha.

Tanuri lisifunguliwe kwa haraka. Kwenye digrii 573 chembe za mchanga zilizo ndani ya udongo hubadilika ukubwa ghafula, na upepo wa baridi hupasua tofali.

Kisha tujaribu. Loweka tofali kavu la kilo 3 kwa saa 24, ulipime tena. Likizidi kilo 3 na gramu 600, limekunywa maji zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake; hilo halifai.

Hata hivyo, tofali jema peke yake halitoshi. Kuta hutaka mkanda wa zege wenye nondo, uzifunge pamoja. Mzazi anayejenga asione haya kuomba tofali moja alijaribu, kabla ya kununua elfu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne