VPN kwenye Simu Yako: Uchague Itifaki Gani?

Uko soko la Kendu Bay, umenunua omena, bando imeisha. Hoteli ya jirani ina waifai ya bure, na unataka kulipa kupitia programu yetu. Je, uwashe VPN? Na ukiiwasha, ni ya aina gani?

Kwanza, ukituma pesa kwa menyu ya laini au kwa namba fupi zinazoanza na nyota, ombi lako halipiti kwenye intaneti, kwa hivyo VPN hailigusi. VPN inahusika unapotumia programu au tovuti.

VPN hupitisha data yako kwenye "handaki" hadi kwa seva yake, ikiwa imefichwa ili mwenye waifai asiisome. Uimara wa handaki hilo hutegemea itifaki, yaani kanuni zinazotumika kulijenga. Fungua mipangilio ya VPN yako uangalie jina:

PPTP. Ni ya miaka ya 1990, na ulinzi wake unavunjika. Apple iliiondoa kwenye iPhone mwaka 2016. Usiitumie kabisa.

OpenVPN. Ipo tangu 2001 na ni imara. Ila ni nzito kidogo kwa betri na kasi.

IKEv2/IPsec. Haikatiki ovyo ukihama kutoka waifai hadi data ya laini. Inakufaa ukiwa ndani ya matatu ya kwenda Homa Bay.

WireGuard. Iliingizwa kwenye Linux mwaka 2020. Imeandikwa kwa mistari 4,000 hivi tu, kwa hivyo ni rahisi kwa wataalamu kuikagua. Ni nyepesi, ina kasi, na pia inavumilia kuhamahama.

Ushauri wetu: anza na WireGuard, kisha IKEv2. Waifai ikizizuia zote mbili, jaribu OpenVPN ya TCP kwenye poti 443, kwa sababu hupita njia ileile ya tovuti za kawaida.

Lakini kumbuka, handaki lina mlango wa pili. Humwamini mwenye waifai, sawa. Je, mwenye VPN unamjua? Ile ya bure isiyo na mwenyewe anayejulikana, iache. Programu yetu tayari huficha data yako hata bila VPN.

Na hakuna itifaki itakayokuokoa ukimtajia PIN tapeli aliyekupigia simu akijifanya mhudumu wetu. Sisi hatuulizi PIN. Anayeuliza, kata simu.