SOMO LA KIKUNDI: NANI ANALIPA? TAMTHILIA ZA VIJANA NA MAADILI YETU



Mama mmoja wa kikundi alinisimamisha baada ya mkutano akaniambia, "Madam, hii televisheni imeniharibia mtoto." Binti yake yuko kidato cha pili. Alikuwa amebadilisha namna ya kuongea, anadai simu, na kila Jumapili jioni haondoki kwa jirani mwenye TV. Mama akamkataza. Siku mbili baadaye akamkuta nyuma ya jikoni, anaangalia kipindi kile kile kwa simu ya binamu yake.

Somo hili limetoka kwa mama huyo. Tumelifanya na vikundi kadhaa, na nawaandikia vile lilivyoenda ili nanyi mlifanye kwenu. Mnahitaji saa mbili, kipindi kimoja cha vijana, na wazazi na vijana waketi pamoja. Kama vijana hawakuja, ahirisheni. Wazazi peke yao watalalamika tu, na kulalamika tumeshalalamika sana.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na kwa miaka mingi kituo kilikuwa kimoja tu, cha serikali. Kijijini TV ilikuwa moja pia, ile ya kuwashwa kwa betri ya gari, na watu wote walijazana hapo kucheka na Vitimbi na Vioja Mahakamani. Kama kulikuwa na neno la aibu, wazee walikohoa na kila mtoto akaelewa. Mwaka 1990 ikaja KTN, baadaye Citizen, na vijana wakapata vipindi vyao wenyewe kama Tahidi High, ya maisha ya shule ya upili. Sasa kipindi kimo mfukoni, na hakuna wa kukohoa.

Sheria ipo. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, vituo havitakiwi kuonyesha mambo yasiyofaa watoto. Bodi ya kuainisha filamu pia hutia alama: GE ni ya watu wote, PG mzazi awe karibu, 16 na 18 ni umri wa mtazamaji. (Mzee mmoja alikiri kwamba miaka yote alidhani PG ni jina la kampuni.) Ni vizuri mzijue alama hizo. Lakini simu haijui saa nne usiku ni nini.

Je, Kanisa linasema tuzime? Wengi hudhani hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya vyombo vya mawasiliano tarehe 4 Desemba 1963, inayoitwa Inter Mirifica. Hati hiyo inawapa wazazi wajibu wa kuangalia kinachoingia nyumbani. Lakini pia inakubali kwamba kuonyesha uovu katika hadithi au mchezo kunaweza kumsaidia mtu amjue mwanadamu kwa undani zaidi, mradi uovu usipambwe ili uvutie. Hata Mtakatifu Klara wa Asizi alitangazwa msimamizi wa televisheni mwaka 1958. Inasimuliwa kwamba alikuwa mgonjwa kitandani usiku wa Noeli, akaiona na kuisikia Misa iliyokuwa mbali naye. Basi TV yenyewe si shetani.

Katika Biblia someni 2 Samweli 12, mstari wa 1 hadi wa 7. Daudi amemchukua mke wa Uria na kumfanya Uria auawe vitani. Nabii Nathani haendi kumkemea mfalme moja kwa moja. Anampa kisa cha tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi anakasirika, anatoa hukumu kali, kumbe kisa ni chake mwenyewe. Hapo ndipo penye nguvu ya hadithi. Mtu huhukumu kwa haki kabla hajajua kwamba anayehukumiwa ni yeye. Msiyafafanue sana maandiko haya mwanzoni. Someni, nyamazeni kidogo, kisha washeni TV.

Sisi tulitumia ile njia yetu ya siku zote ya tazama, amua, tenda, aliyotuachia Padre Cardijn wa Ubelgiji na vijana wake wafanyakazi. Kipindi chenyewe sitakitaja jina, maana vinafanana. Msichana wa shule ana viatu vipya na simu nzuri, na jioni anashushwa na gari la mzee mwenye pesa, yaani yule ambaye vijana humwita sponsa. Mwishoni mwalimu anamwonya, naye analia. Wazazi walipiga makofi. Walisema kipindi ni kizuri, kina mafunzo.

Ndipo nikauliza maswali. Kwanza, katika hiyo nusu saa, msichana alilia dakika ngapi, na alivaa viatu vizuri dakika ngapi? Kijana mmoja akajibu mara moja, "Kulia ni dakika moja, Madam. Vingine vyote ni viatu." Kwa hiyo msitafute ujumbe wa kipindi katika maneno ya mwisho tu. Tazameni yule ambaye kamera inampenda. Mhusika anaweza kuhubiri vizuri kabisa dakika ya mwisho, lakini kama muda wote yule mwovu ndiye aliyependeza, mtoto huenda nyumbani na yule aliyependeza.

Swali la pili ndilo kiini cha somo: nani anapata, na nani analipa? Watu walianza taratibu. Nani amenunua ile simu? Mzee. Mzee amezitoa wapi pesa? Haionyeshwi. Ana mke? Haionyeshwi. Nani anateka maji katika nyumba ile, nani anafua, karo inalipwa na nani? Haionyeshwi, haionyeshwi. Akina mama walicheka sana hapo, kwa sababu kazi yote inayojaza siku yao, hakuna hata moja iliyopata nafasi kwenye TV. Nafikiri huu ndio uongo mkubwa wa vipindi hivi, kuliko hata mavazi mafupi tunayoyapigia kelele. Mambo yote yanafika bila bei.

Kwa haki lazima niseme, viko vipindi vinavyoonyesha bei. Shuga, iliyoanza mwaka 2009 na kuigizwa hapa Nairobi, iliwaonyesha vijana wenye pombe na wapenzi zaidi ya mmoja, ikawafuata mpaka kwenye chumba cha kupimwa Ukimwi. Lupita Nyong'o aliigiza humo kabla hajapata Oscar mwaka 2014. Mimi ni Mkatoliki na sitaficha kwamba suala la kondomu Kanisa halilifundishi vile tamthilia ile inavyolifundisha. Kanisa hufundisha usafi wa moyo kabla ya ndoa na uaminifu ndani yake. Vijana wataliuliza jambo hilo. Wajibuni bila kuwafokea, maana ukifoka watauliza kwingine. Lakini woga ule wa kusubiri majibu, na aibu ya kumwambia mwenzako, Shuga iliuonyesha waziwazi.

Sasa narudi kwenye kikao chetu, kwa sababu kulitokea jambo ambalo sikulipanga.

Wazazi walikuwa wamemkasirikia yule mzee wa kwenye TV. Mmoja alisema afungwe. Mwingine akasema watu wa namna hiyo wangefukuzwa kijijini. Msichana mmoja, si yule binti wa mwanzo, akainua mkono. Akasema, "Na yule anayewanunulia wasichana chipsi pale sokoni, mbona kwenye harambee mlimpa kiti cha mbele?"

Hakuna aliyejibu. Kila mtu alimjua. Alikuwa mgeni wa heshima kikundi kilipochangisha pesa za tangi la maji, na mchango wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wote. Mwenyekiti aliangalia chini. Mimi mwenyewe nilikuwepo siku ile, na nilimpigia makofi. Tuliifungua tena 2 Samweli 12, na safari hii hakuna aliyehitaji maelezo.

Kama jambo la namna hii litatokea kwenu, mwezeshaji asilifunike kwa wimbo. Pia asimlazimishe mtoto kutaja majina mbele ya watu. Tulifunga kikao kwa sala, kisha akina mama wawili wanaoaminika wakaketi kando na yule msichana. Mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, na chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 kumwingilia ni kosa la jinai hata kama alikubali, hata kama alipewa zawadi, na hata kama wazazi wamelipwa mbuzi. Peleka habari polisi au kwa afisa wa watoto. Simu ya bure ya kusaidia watoto ni 116. Msiende kwanza kwa yule mtu "kuzungumza kindugu".

Kikundi kilibishana wiki tatu. Wengine walitaka pesa zirudishwe, lakini tangi lilikuwa limeshanunuliwa na linatoa maji. Mwishowe waliandika katika kitabu cha kumbukumbu kwamba mgeni wa heshima atakubaliwa na kikao cha wanachama wote, vijana wakiwemo, kabla ya kualikwa. Mama mmoja aliondoka kwenye kikundi kwa ajili hiyo. Habari ya yule mtu iko kwa wanaohusika, na zaidi ya hapo siwezi kuandika.

Mkilifanya somo hili, chagueni kipindi ambacho vijana wenyewe wanakipenda, hata kama ninyi hamkipendi. Waacheni waongee kabla ya wazazi. Na yale maswali mawili, la dakika na la bei, yaandikeni ukutani.

Yule mama wa mwanzo siku hizi huenda kwa jirani pamoja na binti yake kila Jumapili jioni. Anasema kuna mahali pengine hufunika uso kwa leso, na binti ndiye humwambia wakati wa kufunua.