Maembe ya makovu na maziwa ya jioni: usimwage, tengeneza mkate wa jibini

Msimu uliopita kijana mmoja alinionyesha kreti la maembe yaliyokataliwa na mnunuzi kwa ajili ya makovu ya ganda tu, pamoja na maziwa ya jioni. "Afisa, hivi nimwage?" Nikamwambia, washa jiko.

Jibini: Chemsha lita 1 ya maziwa. Yakianza kuchemka epua, mimina maji ya ndimu vijiko 3 vya chakula taratibu huku ukikoroga. Yakikatika, chuja kwa kitambaa safi, tia chumvi, kamua.

Mkate: Unga wa ngano vikombe 2, beking pauda kijiko 1 cha chai, chumvi kidogo, mtindi robo tatu kikombe. Kanda, acha dakika 10, gawa madonge 4, sukuma, choma pande zote kwenye kikaango kikavu.

Juu yake: Vipande vya embe, jibini, pilipili manga, asali kidogo. Funika dakika 2. Embe liwe limeiva ila bado gumu; mara ya kwanza nilitumia lililolainika sana, mkate ukalowa wote.

Angalizo: Ng'ombe akichomwa antibiotiki, maziwa yake usitumie mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe. Kuchemsha hakuondoi dawa.

Unataka kuuza? Jumlisha maziwa, unga, mkaa na muda wako, gawa kwa mikate 4. Ukiruka hesabu hiyo, utakuwa unauza hasara iliyopakwa asali.