Santuri Yenye Mikwaruzo

Vijana wenzangu, juzi pale Kenyatta Market, Nairobi, niliona santuri ya Missa Luba, ile Misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mapigo ya Kongo kule Kamina mwaka 1958. Jalada limechanika, mikwaruzo kibao. Muuzaji hakuwa na gramafoni ya kuijaribu. Nikalipa tu.

Nyumbani nikaiosha polepole, nikifuata mistari yake. Kwenye Gloria sindano iliruka mara mbili. Sanctus ikaimba safi kabisa! Mikwaruzo imebaki, ila wimbo ulikuwemo.

Miezi saba sijaungama, nikijiona nimechakaa mno. Kumbe Yesu hakunijaribu kwanza, alishalipa. Soma Warumi 5:8. Jumamosi naenda kuungama. Twende pamoja?