Ushauri wa Masika: Tangi la Maji Bahari au la Maji Baridi?

Tangu mvua za masika zilipoanza kupiga mabati yetu, na mashamba yakawa hayaingiliki kwa matope, nimepokea barua zaidi ya kumi ambazo hazihusu mahindi, wala viwavi, wala bei ya nazi, bali zahusu matangi ya kioo ya kufugia samaki wa mapambo sebuleni. Na kwa kuwa wengi wa walioziandika ni wakulima wa mboga na wenye vitalu vya maua, watu ambao jua la shamba limewafunza mengi kuliko nitakayoweza kuwafunza mimi, nimeona si haki kuziacha zikae mezani. Swali lao ni moja, ijapokuwa kila mmoja ameliuliza kwa njia yake: je, mtu aweke tangi la maji bahari, lenye samaki wa miambani na matumbawe, au aweke tangi la maji baridi lililopandwa majani ya majini?

Kwa nyumba tisa katika kila kumi jawabu langu ni maji baridi yenye mimea, nami nalitoa bila ya kusita, ingawa nilizaliwa na kukulia mahali ambapo sauti ya mawimbi husikika kitandani. Sababu zake zinakuja. Kwanza sharti nizungumze juu ya kosa moja ambalo limo ndani ya karibu kila barua, ya mwenye chumvi na ya asiye na chumvi, na ambalo lisipokomeshwa, uchaguzi wowote ule utaishia jaani.

Mtu hununua tangi asubuhi, akalijaza maji ya bomba adhuhuri, na alasiri akatia samaki kumi na wawili aliouziwa na mchuuzi ndani ya mfuko wa plastiki. Siku ya tatu maji hufanya ukungu mweupe. Siku ya tano samaki hupanda juu wakitweta. Siku ya nane nusu yao wamekufa. Hapo mwenye tangi, kwa kudhani kuwa uchafu ndio uliowaua, huyamwaga maji yote, huiosha changarawe kwa sabuni, huikamua sifongo ya chujio chini ya bomba mpaka itoe maji meupe, kisha hujaza maji mapya na kurudi kwa mchuuzi yule yule kununua wengine kumi na wawili. Mwalimu mmoja wa bara ameniandikia kuwa amefanya hivyo mara nne tangu Krismasi, na kila mara mchuuzi amemwuzia chupa ya dawa juu ya samaki, bila ya kumwambia neno moja la kweli juu ya maji. Jambo hili lanikera, kwa sababu ukweli wenyewe ni mfupi na hauhitaji chupa.

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula chake hutoa amonia, nayo ni ile ile inayowasha macho katika banda la kuku lisilofagiliwa. Hakuna mkulima atakayepanda miche ya nyanya katika samadi mbichi iliyotoka zizini jana, kwani ajua itaiunguza. Huiacha ioze kwanza. Tangi nalo lina kuoza kwake. Kuna vijidudu ambavyo huigeuza amonia kuwa nitriti, iliyo sumu pia, na vingine vinavyoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mmea huila. Na vijidudu hivyo havielei sana majini, bali hushika makao katika sifongo, katika changarawe na katika vioo, vikahitaji kiasi cha majuma manne hadi sita kabla ya kutosha kwa kazi. Anayeiosha sifongo kwa maji ya bomba yenye klorini amewaua wafanyakazi wake wote kwa mkono wake, na samaki wa pili watakufa kwa sumu ile ile iliyowaua wa kwanza. Sifongo isuuzwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa ndani ya tangi lenyewe, basi. Maji ya bomba yakae katika ndoo iliyo wazi usiku na mchana kabla ya kutiwa. Na ukipata kipande cha sifongo kilichotumika katika tangi zima la rafiki yako, kipokee kama unavyopokea mbegu njema, maana kitakupunguzia majuma kadhaa ya kungoja.

Sasa ndipo twaweza kupima chumvi na utamu katika mizani moja. Maji bahari yana kiasi cha gramu 35 za chumvi katika kila lita, na ukali wake wa alkali hukaa karibu na pH 8.2, na katika maji ya namna hiyo sehemu ya amonia iliyo sumu kali huwa takribani mara kumi zaidi kuliko katika maji ya kawaida yenye pH 7, hata kosa ambalo samaki wa maji baridi angelistahimili kwa siku tatu humwua wa bahari kwa siku moja. Fauka ya hayo, maji ya chumvi hubeba pumzi pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji matamu yenye joto lilo hilo, na kadiri joto linavyopanda ndivyo pumzi inavyozidi kupungua. Kwa hiyo umeme unapokatika usiku na pampu ya hewa ikanyamaza, mwenye tangi la bahari ana saa chache, ilhali mwenye tangi la maji baridi lenye samaki wachache na majani mengi aweza kulala mpaka alfajiri.

Tena kuna hesabu ya maji yanayokwenda hewani. Maji huondoka, chumvi hubaki. Mimi mwenyewe, katika mwaka wangu wa kwanza wa kufuga samaki wa bahari, nilikuwa nikijaza pengo kila Ijumaa kwa maji bahari safi niliyoyateka kwa mashua, nikidhani nalinda asili yake, na kumbe nilikuwa nazidisha chumvi juu ya chumvi. Na niliowapoteza kwa ujinga huo nawakumbuka hata leo. Pengo la namna hiyo hujazwa kwa maji matamu. Ama maji ya kuanzia tangi, ayatakaye ya bahari na ayateke wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa pomoni, mbali na mlango wa mto. Wala asiyateke katika majuma haya ya masika, ambapo mito kama Pangani na Sabaki humwaga tope na maji ya mvua mpaka bahari ya karibu ikabadilika rangi.

Nimeulizwa mara nyingi juu ya kitatange, yule samaki wa rangi ambaye madalali humwuza kwa sifa kubwa. Wengi wa jamii yake hula nyama hai ya matumbawe, na wakitiwa ndani ya kioo aghalabu hukataa kila kitu watupiwacho hadi wakafa njaa mbele ya macho ya mwenyewe. Dalali anayekwambia kuwa hula chochote hajapata kumlisha. Na mnunuzi hana njia ya kujua samaki huyo alitolewaje mwambani: katika Ufilipino wavuvi wa samaki wa mapambo wametumia sayanidi tangu miaka ya 1960, na baadaye hata Indonesia, samaki hulewa, huonekana mzima sokoni, kisha hufa nyumbani baada ya siku nyingi, na sisi tunao utupa wetu wa tangu kale. Matumbawe yenyewe ni viumbe dhaifu wa joto, na kila aliyekuwa na macho mwaka 1998 aliyaona yakigeuka meupe mwambani kote, kwa sababu ya bahari kuzidi joto lake la kawaida kwa kadiri ndogo. Je, chumba chenye paa la bati kitayafanyia nini mwezi wa Februari? Simkatazi mtu mwenye umeme wa hakika, fedha za akiba, tangi la lita 200 au zaidi, kibali cha wenye mamlaka ya uvuvi, na miaka miwili ya uzoefu wa maji baridi. Wengine wote na waende baharini siku ya maji kupwa, wakavae viatu vya mpira wasikanyage nje ya mchanga, wawatazame kitatange bure.

Mimea ndiyo faida kubwa ya maji baridi, nami hapa nazungumza na watu wa fani. Mwaka 1850 mkemia wa London, Robert Warington, aliwaeleza wenziwe jinsi alivyoweka samaki wawili wa dhahabu katika chombo cha galoni 12, pamoja na mmea wa majini uitwao valisneria, wenye majani marefu kama utepe. Na majani yaliyokufa yalipoanza kuyachafua maji, akatia konokono wa kuyala, mambo yakatengenea. Galoni 12 za Kiingereza ni kama lita 54, ndiyo kadiri ya tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 linalouzwa katika maduka yetu leo. Mmea unaokua hula amonia kabla haijawafikia samaki, tena huila kwa pupa kuliko nitrati, na kwa hiyo tangi lililopandwa kwa wingi tangu siku ya kwanza ni tangi lenye kinga ambayo mwenye maji bahari sharti aitafute kwa mashine.

Pandeni, basi, kwa wingi. Chini tieni sentimita 3 za udongo wa kawaida usiotiwa samadi wala mbolea ya dukani, na juu yake sentimita 3 za changarawe iliyooshwa. Valisneria hushika popote. Anubia, mmea wa mito ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, huvumilia kivuli, lakini shina lake la kulala lisifukiwe, litaoza; lifungwe kwa uzi juu ya jiwe. Yungiyungi ni mzuri, ila jani lake likifika juu hufunika mimea mingine, hivyo likatwe. Taa iwake saa 8 kwa siku. Ikizidi mtalima ukoga wa kijani. Na msitie perege. Barua tatu zimelalamika kuwa majani yametoweka, na zote tatu zimekiri kuwa perege wamo ndani.

Hadhari moja ni kubwa. Warington alitia konokono, na wengi wenu mwapenda kuwaokota madimbwini pamoja na majani. Lakini konokono wa madimbwi yetu, Unguja na Pemba kadhalika na kandokando ya maziwa ya bara, ndio wabebao kichocho, na aliyeambukizwa huendelea kutoa vimelea majini siku baada ya siku, mahali mtakapotia mikono kila juma. Majani ya dimbwini yashikwe kwa glavu ndefu za mpira, yasuguliwe watoke konokono na mayai yao yanayonata kama ute, kisha yakae katika ndoo ya peke yake juma zima, yakichunguzwa kila siku. Wala msimwage majani yenu ya tangi mtoni. Gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini, likapandwa kwa uzuri wa ua lake, na tangu mwisho wa miaka ya 1980 wavuvi wa Ziwa Victoria wanalipa gharama yake.

Msomaji mmoja wa Unguja ameuliza kama yupo samaki wa kwetu anayefaa, asiyetoka ng'ambo. Yupo, na huu ndio msimu wake. Katika madimbwi ya masika ya kisiwa hicho huishi samaki mdogo ambaye wataalamu humwita Nothobranchius guentheri, dume lake la buluu lenye mkia mwekundu, ambaye hutaga mayai yake ndani ya tope, na dimbwi likikauka yeye hufa, mayai yakabaki udongoni kama mbegu mpaka mvua ijayo. Wafugaji wa Ulaya wamemfuga miaka mingi, hutumiana mayai yake kwa posta ndani ya mboji yenye unyevu kidogo, huyahifadhi miezi mitatu au minne, kisha huyamwagia maji, na vifaranga huibuka mara. Kwa mkulima hakuna samaki aliye karibu zaidi na kazi yake. Mwenye nia na achukue jozi mbili tu, kwa wavu na si kwa utupa, tena kwa idhini ya mwenye shamba. Awatie katika tangi lililokwisha kuiva, na pembeni aweke bakuli la mboji iliyochemshwa ikapoa, sentimita 4 kwenda chini, ambamo watataga. Chakula chao ni viluwiluwi wa mbu, ambao wakati huu hawanunuliwi. Baada ya majuma mawili mboji itolewe, ikamuliwe kwa mkono mpaka isidondoke maji, itiwe mfukoni, mfuko uandikwe tarehe, uwekwe kabatini mahali pasipo jua.

Juu ya kuilowesha mboji hiyo, na juu ya samaki wa Kigoma ambao barua mbili zimeuliza habari zao, nafasi imekwisha. Nitaendelea vuli zikikaribia.